Sauti Nene kwa Mzee Evald

Saa tatu asubuhi, theluji ingali juu ya paa, Dorthe Krogsgaard anapiga magoti mbele ya tanuri la kuni nyumbani kwa mzee Evald Bundgaard, nje kidogo ya mji wa Thisted. Amekwisha kufungua kisanduku kinachodhibiti tanuri. Anamwomba mzee ageukie ukuta.

"Kwani mimi mtoto niliyeiba biskuti?" Evald ananung'unika. Lakini anageuka.

Dorthe, mwenye umri wa miaka 54, ni fundi umeme. Ndani ya kisanduku mna king'ora kidogo kama kifungo cha koti, kinachopaswa kulia gesi ya sumu ya kuni inapovuja. Anaeleza kwamba humo mna kijisahani chembamba cha shaba. Umeme ukipita, kinajikunja na kujikunjua mara maelfu kwa sekunde, kikisukuma hewa kama ngozi ya ngoma. Kijisahani kidogo hutoa sauti nyembamba, na sikio linapozeeka, sauti nyembamba ndiyo hutangulia kupotea.

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia. Safi kabisa."

Dorthe hajabonyeza kitu.

Hacheki. Anakaa sakafuni na kumweleza. Baba yake, Holger, aliyecheza karata na Evald miaka mingi, naye alijibu hivyo hivyo. Siku ile Dorthe alipompima, king'ora kililia kweli, na kila kilipolia baba aliinua kidole. Binti akaridhika. Hakujua kwamba mzee alikuwa akitazama taa nyekundu inayowaka pamoja na sauti.

Februari iliyofuata gesi ilivuja Holger akiwa usingizini. Jirani aliyekwenda kumjulia hali asubuhi alikisikia king'ora tangu getini. Kilikuwa bado kinalia.

"Kilifanya kazi yake yote," anasema Dorthe. "Hilo ndilo linaloniuma."

Evald bado ameuelekea ukuta.

"Binti wa Holger, sote tunatazama taa. Ukisema husikii, kesho watoto wanakuja na masanduku wakupeleke nyumba ya wazee."

Dorthe anang'oa king'ora kile na kufunga kingine, kipana kama kisosi, chenye kijisahani kikubwa kinachotikisika taratibu na kutoa sauti nene. Anabonyeza. Mabega ya mzee yanashtuka.

"Hicho si king'ora, ni fahali," anasema Evald, akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

Tangu msiba ule, Dorthe hapimi king'ora mzee akiwa amekitazama. Kila jioni humwomba Mungu ampe nguvu afike kwa kila mzee anayeishi peke yake upande huu wa mji kabla ya baridi ijayo. Kwa kubadilisha king'ora hadai hata krona moja.

"Baba sitamrudisha," anasema akifunga mkoba. "Ila natumaini hakuna binti mwingine atakayeambiwa kwamba kililia mpaka asubuhi."

Anapofika mlangoni, Evald anamwita. Amekwisha kuugeukia ukuta mwenyewe.

"Bonyeza tena," anasema. "Na usiniambie lini."