Wanafunzi Waliotumwa Kukata Fagio

Iko asubuhi moja ambayo naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Kila nikisikia kijana wa ukoo wetu kaingia chuo kikuu kusomea ualimu, asubuhi ile inanirudia, nabaki nacheka peke yangu jikoni. Juzi nimeambiwa na wewe umechaguliwa. Basi kaa hapa nikusimulie, kwa kuwa hicho unachokwenda kukitafuta, mimi nilikiona kinatafutwa kwa macho yangu.

Mimi shule niliishia darasa la nne kule kijijini kwetu Mamba. Barua nasoma, ila polepole, na midomo inacheza. Lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halinitoki. Wote nitakaowataja hapa, hata leo wakipita mlangoni nitawaita.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mpanda ilikuwa bado Mkoa wa Rukwa, na ukisema Katavi mtu anajua unasema habari ya mbuga na viboko. Nilikuwa mama kijana, mtoto wangu wa kwanza Festo anatembea, na mume wangu Alfonsi anafanya kazi reli. Tulikaa karibu na stesheni. Treni likiingia kutoka Kaliua, vikombe kabatini vinagongana, unajua wageni wamefika.

Mdogo wangu Editha, tumbo moja na mimi, ndiye aliyekuwa amefika mbali kuliko watu wote wa kwetu. Alikuwa chuo kikuu, anasomea ualimu. Mwaka ule akaletwa kwetu Mpanda kwa mazoezi ya kufundisha, wenyewe wakiita tipii. Akafikia kwangu, akapewa kidato cha kwanza awafundishe Kiswahili.

Nilimuuliza, "Kwani mtihani si mnafanyia hukohuko chuoni?"

Akaniambia, "Dada, wa kuandika tunafanyia huko. Lakini lazima mwalimu wa chuo aje akae nyuma ya darasa, anitazame ninavyofundisha, aandike alama. Nikianguka hapo, hata niwe nimefaulu mengine yote, sihesabiwi mwalimu. Sisajiliwi wala sipewi leseni ya kufundisha."

"Kumbe na nyie mna leseni kama madereva?"

"Kama madereva, dada. Na anayenipima anakaa humohumo ndani ya gari."

Tukacheka. Lakini niliona jinsi anavyokula. Anamega ugali, anausahau mkononi. Baba yetu alikuwa ameuza ng'ombe wake wa kulimia ili Editha asome. Kila Jumapili kule Mamba watu walimuuliza, mwalimu wetu anarudi lini. Mtoto yule alikuwa amebeba Mamba nzima mgongoni.

Sasa palikuwa na mwenzake kutoka chuo hichohicho, kijana mcheshi anaitwa Benedicto, naye kapangiwa shule nyingine hapohapo mjini. Alikuwa anakuja kwangu kula, na akila anatoa elimu.

"Editha, wewe mshamba kweli," akamwambia siku moja huku anaongeza mchuzi. "Somo la mkaguzi halifundishwi siku ya mkaguzi. Linapikwa mapema, siku hiyo unapakua tu."

"Linapikwaje?"

"Unalifundisha kabla. Unawapa maswali na majibu wayakariri. Wale wazito wa kuelewa, siku hiyo uwatafutie kazi ya nje. Mkaguzi akiingia anakuta darasa linang'aa kama sahani hii."

Na kweli sahani alikuwa ameisafisha.

Mimi nilidhani ni mzaha. Baada ya siku chache nipo bombani nachota maji, nikamsikia Deo, mtoto wa jirani yetu Mama Sikitu na mwanafunzi wa Editha, anaimba huku anajaza ndoo: "Nyimbo za kazi ni nyimbo zinazoimbwa na watu wanapofanya kazi. Zina faida nne. Faida ya kwanza." Ananyamaza kidogo, anaendelea. Nikamuuliza mmefundishwa leo? Akasema, "Hapana mama, hilo ni la siku ya mgeni. Mwalimu kasema nikiulizwa nisikosee."

Basi treni likaja na mgeni. Alikuwa mwalimu wa chuo, anaitwa Dokta Malongo, mtu mfupi, mpole, koti lake limejaa vumbi la safari. Nyumbani sote tulijua kwamba kesho yake asubuhi ataingia darasani kwa Editha. Nikaamka kumpikia, maana kwetu huwezi kumwacha mtu aliyetoka safari ya treni ale maandazi ya stesheni. Nikapika mchele wa Mamba na kuku, nikapanga kapuni, nikajitwisha kuelekea shule.

Nilikatiza relini kama kawaida. Hapo ndipo nilipowakuta. Kundi la wanafunzi, sare zao za shule, wameinama kwenye majani marefu kando ya reli, wanakata fagio. Kengele ya shule nimeisikia zamani.

"Nyie, mbona hamko darasani?"

Akajibu binti mmoja anaitwa Minza. Huyu nilimjua, wazazi wake walikuwa wafugaji, walishuka na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakafungua mji Mwamkulu. Alikuwa anatembea alfajiri yote mpaka shule, miguu imelowa umande. Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma ndani, akisema neno analiangalia kwanza.

"Shikamoo mama. Mwalimu Editha ametutuma tukate fagio. Amesema tusirudi mpaka mgeni aondoke."

"Kwa nini nyie, na si wengine?"

Wakatazamana. Minza akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja rangi ya nguo yake, "Sisi ndio hatuelewi."

Mwanangu, lile neno lilinikaa kifuani. Mara nyuma yetu nikasikia baiskeli inakwaruza mawe. Alikuwa Mwalimu Zakaria. Huyu alikuwa mzee kabisa, amebakiza kidogo astaafu, na darasa lile lilikuwa lake kabla ya Editha kuja. Yeye ndiye aliyemkabidhi. Alivaa kofia yake ya kijivu mvua hata jua.

"Mama Festo, hawa umewaokota wapi?"

"Nimewakuta hapahapa relini, Mwalimu. Wametumwa."

Akawatazama mmoja mmoja, akiwataja majina kimyakimya. Nilimwona anaelewa. Hakuuliza tena. Akashuka kwenye baiskeli, akasema, "Haya, chukueni fagio zenu, twendeni." Tukaongozana, yeye mbele na baiskeli, watoto na majani yao, mimi nyuma na kapu kichwani, kama msafara wa harusi ya watu maskini.

Editha tulimkuta mlangoni mwa darasa, gauni lake jeupe limenyooshwa pasi, ameshika chati aliyoichora wiki nzima. Dokta alikuwa bado ofisini kwa mkuu wa shule anasaini kitabu cha wageni. Editha alipotuona, uso ukambadilika.

"Mwalimu, tafadhali," akamwambia mzee kwa sauti ya chini. "Hawa wataniharibia. Leo tu."

Mwalimu Zakaria hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, hiyo leseni unayoitafuta ni ya kufundisha akina nani?"

Editha akaitazama chati yake.

"Kwa sababu kama ni ya kumfundisha Deo, Deo anajisomea mwenyewe, hakuhitaji. Mtu anayekuhitaji ni huyu umempa panga akate majani. Serikali inakuandikia leseni kwa ajili ya huyu. Sasa unataka kupimwa ukiwa umemficha?"

"Nikianguka nitamwambia nini baba?"

"Sijui," mzee akajibu. "Mimi mwaka wangu nilipewa alama ndogo. Nikaenda kazini nazo. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilipata ngapi."

Akapanda baiskeli, akaondoka. Hakumlazimisha, hilo ndilo ninalompendea mpaka leo. Alimwachia uamuzi wake mkononi, na hatua za Dokta zinasikika kwenye kokoto zinakuja.

Editha alisimama pale. Mimi dada yake nilitamani kumsaidia nikakosa pa kushika. Kisha akasogea pembeni ya mlango, akasema, "Ingieni. Haraka. Fagio wekeni pale kwenye kona."

Madawati hayakutosha, wakabanana. Dokta akaingia, akapita katikati yao, akakaa nyuma na faili lake. Mimi nikabaki nje. Madirisha hayakuwa na vioo, hivyo niliona kila kitu, na kapu nililisahau kichwani mpaka shingo ikauma.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Editha anauliza, mikono inaruka, Deo anamwaga faida ya kwanza mpaka ya nne bila kupumua. Dokta haandiki kitu. Anatazama kalamu yake tu. Hata mimi niliyeishia darasa la nne niliona kwamba yule mtu hafurahi.

Nadhani Editha naye aliona. Akaikunja chati yake. Akasema, "Minza, kwenu mnaimba wimbo gani mkilima?"

Minza akasimama. Wengine wakaanza kucheka chinichini. Akasema, "Sisi hatuimbi, mwalimu. Anaimba mmoja. Sisi tunaitikia kwa jembe."

Hapo Deo akanyoosha mkono juu kabisa, kwa huruma ya kweli ya kumwokoa mwalimu wake. Akasema, na darasa zima likasikia, "Mwalimu, hilo halipo kwenye majibu."

Nilifumba macho. Nilijua basi, safari imeishia pale. Nilipofumbua, Dokta ameinua kichwa anamtazama Editha, na Editha anamtazama Dokta. Jasho linamtoka mtoto wa watu.

Editha akamgeukia Deo. Akasema, "Ni kweli, Deo, halipo. Hayo majibu leo tuyaache. Minza, mnaitikiaje kwa jembe? Tuonyeshe."

Minza akaona haya. Lakini wale waliokata naye fagio wakaanza kumgongea dawati, taratibu. Akaanza kuimba kwa Kisukuma, sauti nzito ya mtu mzima, na kila akifika mahali fulani wanagonga wote pamoja. Kisha mtoto wa Kipimbwe akasema kwao Mamba wakitwanga wanafanya hivi. Mwingine wa Litapunga akasema hapana, kwao anayeimba ndiye haruhusiwi kulima. Wakabishana. Editha anauliza kwa nini, kwani wimbo unafanya kazi gani hapo, na wao wanatafuta jibu kwelikweli, wanakosea, wanarudi. Deo alisahau kabisa faida zake nne. Alikuwa anagonga dawati kuliko wote. Mkuu wa shule akatoka ofisini mbio akidhani kuna nyoka.

Na Dokta alikuwa anaandika.

Walipomaliza, nikawapakulia chakula kwenye ofisi ya walimu. Dokta alinawa, akamega paja la kuku, ndipo akauliza, "Mwalimu Editha, yule kijana alisema majibu. Majibu yapi?"

Editha akamweleza yote. Na wale walioingia na majani, akamweleza pia. Mimi nilijifanya natafuta chumvi.

Dokta akatafuna, akameza. "Kila shule ninayokwenda nafunguliwa redio," akasema. "Nakaa nyuma nasikiliza redio, naandika alama za redio, napanda treni. Leo redio imezimika katikati, nikasikia watu." Kisha akageuka kwangu. "Mama, huu mchele wa wapi?"

"Wa Mamba, mheshimiwa. Kwao huyu."

"Niongeze."

Alama alizompa zilikuwa za kati. Kwa kupika somo alimkata alama, na alimwambia hivyo usoni. Benedicto na redio yake alipata za juu, akaja kwangu jioni kututangazia huku anakula wali. Editha alimpongeza, na nilimwona hana kijicho. Alimaliza chuo, akasajiliwa, leseni yake akaipata kama wenzake, na baba alichinja mbuzi bila kuuliza alama ilikuwa ngapi. Alivyosema Mzee Zakaria ndivyo ilivyokuwa.

Minza yeye aliendelea kuja na miguu ya umande, na wiki chache zilizobaki nilimwona mara nyingi akisindikizana na Editha mpaka relini, wanabishana juu ya nyimbo. Siku Editha anapanda treni kurudi chuoni, lile kundi la fagio lilikuja lote stesheni. Hakuna aliyewatuma.

Sasa mwanangu, ninalotaka ubaki nalo ni hili. Utasoma, utafanya mitihani, utapelekwa shule usiyoijua, na siku moja mtu atakaa nyuma ya darasa na kalamu. Utaogopa, na kuogopa si aibu. Lakini usimpe maonyesho. Andaa somo lako vizuri, kisha uwaache watoto wawe watoto, wakosee mbele yake, na wewe uonekane unavyowainua. Wasiojua kitu usiwatoe nje ili wewe ung'ae. Ukiwatoa siku ya kupimwa, utazoea kuwatoa siku zote, na leseni itakuwa mfukoni mwako lakini kazi yake hutaijua. Ukipewa alama ndogo ya haki, ichukue, nenda nayo kazini. Na akitokea mzee wa kukuuliza swali gumu mlangoni, usimchukie. Huyo anakupenda.

Nenda salama. Mungu akulinde njiani, akupe sauti isiyochoka na moyo mpana. Akupe darasa lililojaa mpaka mlangoni, na ukiwahesabu watoto wako asubuhi, asikosekane hata mmoja.