Fundi Dishon na Kiti cha Mbele

Saa moja asubuhi, sokoni Rangwe, Dishon Odero anapiga randa ubao wa mvule, maranda yakimfunika miguu. Leo ni Ijumaa. Benchi hili lazima liwe kanisani Jumapili, na bado halina miguu.

"Usinipigishe domo, mwandishi," anasema akicheka. "Kuna mama ananingoja."

Mama huyo ni Phelesia, mjane anayekandika sakafu ya kanisa kwa samadi kila Jumamosi. Magoti yamemwisha. Akikaa kwenye mkeka wake, hainuki mpaka ashikwe mikono.

Mwaka jana, 1965, Dishon hakuwa na habari na magoti ya mtu. Kanisani kwao mwenye kiti huja nacho kutoka nyumbani, na kiti kinapotuliwa ndipo heshima ya mtu ilipo. Basi fundi huyu, anayeuza kiti cha kawaida shilingi nane, aliacha kazi za watu majuma mawili akajitengenezea kiti kama cha chifu: mgongo mrefu, mikono miwili, miguu ya kuchongwa. Akakitua kando ya kile cha mchungaji. Lo!

Ibada haijaanza, wakaingia wageni kutoka Homa Bay. Javan, mzee wa kanisa, akamwinamia. "Ndugu Dishon, tupishe kidogo."

Akajitwika kiti chake, akapita katikati ya kanisa, watu wote wakimtazama. Huko nyuma kiti hakikuenea. Akakitoa nje.

"Nilitaka kwenda zangu kwa aibu, nisirudi tena," anasema.

Lakini Phelesia alisogea kwenye mkeka wake, akamwita kwa jina la mwanawe. "Kaa hapa, Baba Otieno. Huku chini hakuna wa kukuondoa."

Akakaa.

"Siku hiyo ndiyo niliyosikia mahubiri. Miaka yote nilikuwa naangalia nani amekaa wapi." Machozi yanamlenga. "Namshukuru Mungu kwa aibu ile, kweli kabisa."

Tangu hapo ameshalitengenezea kanisa mabenchi sita, yote sawa, bila malipo. Na kile kiti?

"Nilimpelekea Phelesia akikalie kanisani. Akakataa, eti yeye haendi kutazamwa; kikabaki nyumbani kwake. Sasa kuku wake anatagia hapo!"

Benchi la saba analiinua kidogo kuliko mengine, kwa ajili ya magoti yale. Jumapili Phelesia atakaa juu.

Na fundi mwenyewe?

"Mkeka wake utakuwa wazi," anasema, akiishika randa tena. "Nimeshauomba."