Kwa Matumizi ya Ofisi Tu

Karatasi za siri zilikaa kwa mkubwa wangu, ndani ya kabati la chuma. Mimi, taipisti wa ofisi ya tarafa, niliachiwa wadogo zao: zile ambazo si siri, lakini pia si za kila mtu. Nilizigonga mhuri wa zambarau, KWA MATUMIZI YA OFISI TU, nikachoma karatasi ya kaboni nyuma ya choo mbele ya shahidi, kisha nikaandika kwenye daftari kwamba imechomwa. Kazi hiyo niliipenda, nisidanganye. Ufunguo wa droo niliuvaa shingoni, nikajiona mtu.

Mwaka mmoja wa tisini na kitu, mvua za masika zikikaribia, nililetewa orodha ya mashamba ya huko juu, Kimulot. Mpaka ulikuwa umepimwa upya na mashamba hayo yangerudishwa msituni baada ya mavuno. Nilipiga majina hadi la kumi na nne. La kumi na tano lilikuwa la mama yangu. Nikalipiga nalo.

Mama alikuwa na kipande kimoja tu, na ndicho kilichomlisha mahindi. Msimu huo alikuwa ameamua kupanda chai pote, nayo chai haichumwi kabla ya miaka mitatu. Miche alikuwa nayo tayari, na majirani wangekuja Jumamosi kumsaidia, kama desturi yetu: leo kwako, kesho kwangu.

Nilienda kwa mkubwa, nikamwomba niruhusiwe kubaki kazini Jumamosi. Alikuwa ameiona orodha.

"Hapana, wewe uende nyumbani kama kawaida," alisema. "Usipoenda wataanza kujiuliza. Na hii maneno ikitoka, ni wewe peke yako ulitaipu. Si ulisaini?"

Nilisaini daftarini, ndiyo. Na ndugu zangu wawili walikuwa shuleni kwa mshahara wa kazi hiyo hiyo. Nilimchukia yule mzee, lakini nilijichukia zaidi, kwa sababu niliitikia, "Sawa, Mzee," kwa adabu kabisa.

Jumamosi nilikuta mashimo yamechimbwa, mistari imenyooka. Mama alinipa leso yake nijifunge kiunoni, akaniwekea mche mkononi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku hiyo kilikuwa kimevaa leso ya mama.

Jirani mmoja mwanamume alisimama, akaegemea jembe. "Mama, kuna watu wanasema hii mashamba ya huku juu iko na shida. Ni kweli?"

Mama akacheka. "Uliza huyu. Yeye ndiye serikali."

Wote wakanigeukia. Nikainama, nikatia mche shimoni, nikashindilia udongo kwa vidole vyote kumi.

"Umeona?" mama akamwambia. "Kama kungekuwa na maneno, mtoto wangu si angeniambia?"

Tulipanda mpaka jioni. Nilipanda kuliko wote, maana mtu akiinama haulizwi mambo mengi.

Wiki iliyofuata, majirani wanne nao waliacha kupanda mahindi, wakachimba mashimo ya chai. Wote wanne walikuwa kwenye ile orodha. Majina yao nilikuwa nimeyapiga mwenyewe, bila kosa hata moja.