Bei ya Ukuta wa Nyuma

Mafundi wenzake walimwita Mikono Miwili, kwa sababu hakuwahi kuuacha ukuta wa mtu na rangi ya mkono mmoja. Wapo mafundi wanaozimua rangi mpaka inakuwa uji wa mgonjwa, wakapaka mara moja na kutokomea kabla mvua haijawaumbua. Yeye hakuwa wa namna hiyo. Alikwangua, akaziba nyufa, akapiga msasa, akapaka praima, ndipo akagusa rangi yenyewe, na mkono wa pili haukufuata mpaka wa kwanza umekauka. Mkewe alisema kama angekuwa anaoga kwa makini namna ile, sabuni isingekaa ndani.

Lakini fundi huyu alikuwa anaogopa kupanda. Wakati fulani alikuwa akipaka ghorofa la mfanyabiashara mmoja, ubao aliokanyaga ukateleza, akajikuta chini hata kabla hajapiga kelele. Mtulinga ulivunjika. Mfupa ukaunga, roho haikuunga. Tangu hapo, ngazi ikizidi kimo chake tu, jasho jembamba linamtoka, masikio yanajaa mvumo. Hakumwambia mtu. Fundi rangi anayeogopa kupanda ni sawa na mpishi anayeogopa moto, na watu kwa kucheka hawajambo. Akawa anatafuta kazi za vyumbani, za korido, za maduka ya chini.

"Siku hizi unachagua kazi kama binti anayechagua mchumba," mkewe alimtania, kwa kuwa hakujua.

Ndipo akaitwa na nesi mmoja mstaafu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa moja. Ndani hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa ukuta wa nyuma, uliokwenda juu moja kwa moja mpaka kwenye paa, na chini yake hapakuwa na ardhi ya kueleweka, ila mteremko na mfereji wa saruji wa kupitishia maji ya mvua. Fundi aliinua macho mara moja tu, akayashusha.

"Kaa hapa, fundi," Nesi alimwambia, akamvutia kiti. "Aliyekutangulia alinipa bei ya kutupa, nikafurahi. Mvua ya kwanza tu, rangi ikabanduka magamba magamba. Sasa nataka kuelewa. Hela yangu inakwenda wapi?"

Swali hilo fundi alilipenda. "Mama, rangi yenyewe si kitu. Kazi iko kabla ya rangi. Nikipaka juu ya vumbi na unyevu, nitakuwa nimepaka vumbi na unyevu. Kwa hiyo unanilipa kukwangua, kuziba, kusugua na kusubiri. Hasa kusubiri. Wengi hawataki kukulipisha kusubiri, ndiyo maana wao ni rahisi."

Nesi akatikisa kichwa kukubali. "Na ule wa nyuma?"

Hapa inabidi nikueleze ujanja wa mafundi. Kazi usiyoitaka huikatai, maana ukikataa utaulizwa kwa nini. Unaitajia bei ya kufukuza. Mteja anaguna, mnaagana kwa heshima, na jina lako linabaki safi. Mikono Miwili alikuwa ameitumia mara nyingi na haijawahi kumwangusha.

"Ule peke yake, mama, ni sawa na nyumba yote ya ndani."

Nesi akaishusha miwani. "Ukuta mmoja? Una almasi?"

"Una urefu, mama."

Akaungojea mguno. Mguno haukuja. Yule mama aliutazama ukuta, akamtazama yeye kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akasema, "Sawa. Nilijua ule lazima uwe ghali. Nusu yake nitakupa leo, maana najua una mambo ya kuandaa."

Fundi hakuelewa mambo gani ya kuandaa. Alisikia tu moyo ukimlipuka paa! Maji umeyavulia nguo, baba, kayaoge.

Njiani alijiambia kesho atarudisha hela ile, atasema anaumwa. Lakini alipofika nyumbani akaziweka juu ya meza, akaenda kuoga, na mkewe hakuwa mtu wa kuziachia hela zipoe. Alipotoka bafuni, zilikuwa zimeshafika kwa mwenye nyumba.

"Nimelipa yote aliyokuwa anatudai, na ya mbele!" mkewe alisema, anacheka kama msichana. "Mwenye nyumba ametabasamu, mume wangu. Nilidhani anaumwa jino."

Fundi akatabasamu naye.

Basi akaanza vyumba vya ndani, tena kwa uangalifu wa kutia shaka. Alipaka nyuma ya makabati. Alipaka stoo, ambako hata panya hawakuwa na malalamiko. Kila alipotoka nje kuosha brashi, ukuta ulikuwa palepale, mrefu, unamsubiri. Alianza kuota anaanguka, na katika ndoto zile hakuwahi kufika chini, akawa anaamka ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote. Vyumba navyo havizai vyumba vingine. Vikaisha.

Asubuhi hiyo Nesi alikuwa amekwenda sokoni. Fundi akaona bora amalize bila shahidi, na kwa mara ya kwanza hata bila msasa. Alifunga ngazi mbili kwa kamba zikawa moja. Mguu mmoja wa ngazi ukakaa kwenye mteremko, wa pili akaupandishia matofali pembeni mwa mfereji. Kila fundi aliwahi kufanya hivyo. Akaning'iniza kopo la rangi kwenye ndoano, akamwomba Mungu, akapanda.

Mpaka dirisha la chini alikuwa akihesabu pumzi. Alipolipita hilo, akawa hahesabu chochote. Ukuta ulikuwa karibu na pua yake, akaona vijishimo vya saruji, nyufa, mchwa mmoja anayepanda bila wasiwasi wowote. Alipofika usawa wa madirisha ya juu, akanyoosha mkono na brashi. Chini kitu kikalia, kidogo tu. Ko. Tofali lilikuwa limegeuka.

Ngazi haikuanguka. Ilicheza tu, ikatulia. Lakini fundi alikwisha. Aliachia brashi, kopo likachomoka kwenye ndoano na kupasukia mferejini, akaikumbatia ngazi kwa mikono na meno. Kupanda hawezi, kushuka hawezi, kuita hawezi. Suruali ilikuwa imelowa, na haikuwa rangi. Akawaza wanawe wakiambiwa. Akaona hata kanga atakayofunikwa nayo. Akalia kimyakimya, mtu mzima na ndevu zake, mashavu yakisugua ukuta aliokuwa bado hajaupiga msasa.

Nesi aliporudi, hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akaja akaishika ngazi, akaiegemea kwa uzito wake wote.

"Niko hapa," alisema. "Mwili huu nimeubeba bure siku zote, leo umepata kazi. Mguu wa kulia, baba. Shusha. Usiniangalie mimi, angalia ukuta. Sasa wa kushoto. Hivyo hivyo."

Alishuka kama mtoto anayejifunza kutembea. Alipogusa ardhi, alikaa palepale kwenye rangi iliyomwagika. Hapo ndipo yule mama akafoka mpaka majirani wakafungua madirisha.

"Jukwaa liko wapi? Jukwaa la vyuma la kupandia, nililokulipa? Na msaidizi wa kukaa hapa chini yuko wapi? Umeila hela ya uhai wako?"

"Jukwaa gani, mama?"

"Unaniuliza mimi?"

Fundi hakuwa tena na nguvu ya kudanganya. "Mama, bei ile niliitaja ili ukatae. Sikuhesabu jukwaa. Sijawahi kulihesabu, kwa mtu yeyote. Mimi naogopa kupanda."

Nesi aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, na ilimuumiza fundi zaidi ya ile ya kwanza.

"Nimefanya kazi wodi ya mifupa mpaka nimestaafu. Mafundi rangi niliowageuza vitandani ni wengi. Kila mmoja nilimuuliza kazi aliipataje, na karibu wote walikuwa wamewashinda wenzao kwa bei ya chini. Ulipotaja yako, nikasema afadhali, huyu amejihesabu na yeye mwenyewe." Akaokota kikapu chake. "Rudi na jukwaa, au rudi na hela yangu. Ngazi hiyo sitaki kuiona."

Jukwaa alilipata kwa mkopo, kwa ahadi ya malipo ya mwisho. Akatafuta na mwenzake wa kumsaidia. Vyuma vilisimama imara juu ya mfereji, mbao pana, pa kushikia pande zote. Bado aliogopa. Lakini kazi aliifanya, mikono miwili, na ukuta ukapendeza. Nesi alimlipa nusu iliyobaki. Alipomaliza kulipa jukwaa na mwenzake, kilichobaki katika nusu hiyo ya bei ya kufukuza kilikuwa sawa na malipo ya chumba kimoja cha kulala.

Mkewe alizitazama hela mezani. "Hizi tu? Nyingine umempa nani?"

Akamweleza. Alianzia mbali, kwenye ubao ulioteleza, akaja kwenye woga, kwenye bei, kwenye matofali, kwenye maneno ya wodi ya mifupa. Alitegemea kicheko. Mkewe hakucheka. Alikaa akiwa ameshika bakuli alilokuwa akilifuta, kitambaa kimesimama.

"Kwa hiyo jukwaa na mtu wa chini ndiyo bei yenyewe hiyo," alisema.

"Ndiyo hiyo."

"Na maghorofa yale yote uliyopaka tangu unioe? Uliyokuwa ukiwashinda wenzako, ukija hapa tunashangilia?" Akaliweka bakuli mezani, kando ya hela. "Kule jukwaa alilipa nani?"

Fundi akaupeleka mkono kwenye mtulinga, pale mfupa ulipounga.