Kikombe cha Seth Bardsley

Baba yangu hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu mji mzima wa Denton utakwambia vingine, na wapo walioingia kaburini wakiwa bado wanamwita mlevi.

Seth Bardsley alitengeneza kofia kwa miaka thelathini na mmoja. Manyoya ya sungura yalipakwa dawa ya zebaki ili yashikamane, kisha yeye na wenzake wakayakanda juu ya beseni la maji yanayochemka, mvuke ukiwaingia puani kutwa nzima. Mabwana wa Manchester walizivaa kofia hizo kwenda kanisani. Baba yeye alipata mikono inayotetemeka, fizi zilizooza na haya za mwari: ukimkazia macho kidogo tu, anafoka. Watoto walimfuata njiani wakiimba, "Kofia, Kofia, kichwa kinavuja!"

Sisi watu wa kofia tulikuwa na neno moja kwa kila anayetetemeka: pombe. Dawa tuliijua, hata mkate wetu ulinuka dawa, lakini nani ataishuku kazi inayomlisha? Mimi mwenyewe, Keziah, binti yake wa pekee, nilimpeleka kanisani atie sahihi kadi ya kuacha pombe. Alikuwa hajaonja bia tangu mama afe. Alitia sahihi ili kunifurahisha, ikaenda mshazari kadi nzima, na mchungaji akanitazama kwa huruma.

Kisha akaja Hulme, msimamizi mpya, na mtihani wake. Kila Jumamosi wanawake tulioshona bitana za kofia tuliteremsha chai kwa wanaume, na Hulme akatangaza kwamba atakayeimwaga ndiye aliyelewa, na hana kazi tena. Zamu yangu ilipofika nikammiminia baba nusu kikombe.

"Vya wenzake vimejaa," Hulme akasema. "Mbona unampunja mzee wako, Kezzy?"

"Hapendi nyingi, bwana."

"Chai ndiyo hapendi nyingi," akadakia Amos, aliyefanya kazi beseni moja na baba miaka yote ile. Wanaume wakaangua kicheko.

Hulme akachukua birika, akakijaza kikombe hadi ukingoni. "Haya, mzee Seth. Tunakuangalia."

Kuangaliwa ndiko alikokuwa hakuwezi. Chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika kifuani. Akakibamiza ukutani, akaporomosha matusi ambayo sikujua kama anayajua.

Niliona aibu, tena kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Mbele yao wote nikamwuliza, "Baba, umekunywa tena?"

Tena, nilisema. Alinitazama, akavua aproni, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya benchi, akatoka. Hakuna karakana ya Denton iliyompokea baada ya hapo.

Aliishi kwangu miaka minne. Mwaka wa mwisho daktari mmoja alipita nyumba kwa nyumba akichungulia vinywa vya watu wa kofia. Alipozitazama fizi za baba akasema ni zebaki, pombe haihusiki kabisa. Nililia jikoni. Baba alikuwa amekaa palepale, amesikia yote.

Jioni nikampikia mbaazi nyeusi alizozipenda, nikazitia siki. Nilitaka kumwomba radhi. Nikammiminia chai nusu kikombe, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote.

"Jaza," akasema.

"Itakuunguza, baba."

"Jaza, mwanangu. Si ulisema nimekunywa tena? Mlevi hapunjwi."

Nikajaza. Akakinyanyua kwa mikono miwili, chai ikamwagika mezani, ikamchuruzikia magotini, naye muda wote ananitazama usoni.