Kazi ya Mama kwenye Orodha Yangu

Nilipochagua kusoma historia, majirani wetu wa Katoyi, hapa Goma, walinihurumia na kunicheka. Mmoja aliniuliza kama wafu wanalipa mshahara. Mama yangu peke yake hakucheka. Alisema mutu asomee kile anachopenda, mengine Mungu ataona. Namshukuru mpaka leo, ingawa nilimchosha kweli.

Memwari yangu, kitabu cha kumalizia chuo, ilihusu wanawake waliolisha Goma: akina mama waliotoa maharagwe Butembo, wakasafiri juu ya magunia ndani ya lori, wakapita Rumangabo na Kibati hadi sokoni kwetu. Karatasi za zamani hazikuwepo. Nyingine zilimezwa na lava ya volkano, nyingine makarani wa zamani hawakujali kuziandika. Ikabidi niulize watu, na wa kwanza alikuwa mama, kwa sababu aliianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Jumapili baada ya misa, akitwanga sombe, majani ya muhogo, alinieleza jinsi kila mama alivyoshona gunia lake kwa uzi wa rangi yake ili yasichanganyike. Wake ulikuwa wa kijani.

Direkteri wa memwari yangu, profesa aliyeisimamia, muzee mmoja mkali, aliniita ndani ya biro yake siku tatu kabla ya kuikabidhi chuoni. Bila sinyatire yake, yaani saini, nisingeitetea mbele ya maprofesa mwaka huo. Alikuwa amefungua orodha ya watoa habari, ile yenye umri na kazi ya kila mmoja, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, ule wa mama yangu.

"Mama huyu umemwandika menajere, mutu wa kukaa nyumbani. Ukurasa wa makumi ine yuko juu ya lori. Nimuamini nani, wewe ao wewe?"

Tangu shule ya msingi, kila mwaka fishi, karatasi ya kujaza ya shule, iliuliza kazi ya papa na kazi ya mama, na kwa mama niliandika menajere. Darasa zima tuliandika hivyo, hata wale ambao biashara ya mama zao ndiyo iliyowavisha. Na mimi nilikuwa nimewagombeza makarani wa zamani kurasa thelathini nzima, eti hawakuwaona wanawake hawa! Nyani haoni kundule. Niliona haya hata kuinua macho.

Muzee hakusaini. Alinituma nikamuulize mama mwenyewe kazi yake ni gani.

Nilimwambia nataka kumwandika komersante, mfanyabiashara. Mama alisema niache menajere tu, komersante ni wale wenye depo za kuwekea mali. Nilikasirika, nikampandishia sauti, Mungu anisamehe. Kisha nikaketi chini nikamsomea ukurasa ule, maneno yake mwenyewe, polepole. Alinisahihisha jina la daraja moja. Nilipofika pale lori lilipokwama kwenye matope siku mbili na wao wakapika maharagwe ya kuuza ili dereva asife njaa, alicheka. Hakuniambia niandike nini. Niliandika komersante, akanitazama nikiandika, hakukataza.

Direkteri alisaini.

Siku ya kutetea, mama alikaa nyuma kabisa na mashangazi zangu, kikwembe kipya mwilini. Mkubwa wa jury, wale maprofesa wa kunipima, akipekua kurasa za mwisho, aliuliza kama yupo ndani ya sale, ukumbi ule, hata mmoja wa watu niliowataja. Kabla sijafungua mdomo, mama alikuwa amesimama.

"Ni mimi," alisema. "Komersante."

Nililia mbele ya maprofesa wote, nikashindwa hata kujibu swali lililofuata.