Mlinzi Mmoja, Wapinzani Wawili

Jumapili, baada ya ibada, mzee wa kanisa alinikabili kwenye meza ya chai.

“Bwana, mjukuu wako ndiye aliyeifungisha timu ya chuo chake jana. Alisimama tu kama mlingoti!”

“Ulikuwapo?”

“Nimesikia.”

Mimi nilikuwapo. Katika futiboli ya hapa Kanada, ambamo mpira hushikwa mikononi, wapinzani walitawanyika upana wote wa uwanja, mjukuu wangu akaachwa peke yake kuwalinda wawili. Kila alipomfuata mmoja, mpira ulirushwa kwa mwingine. Nilimchorea mzee huyo hali hiyo kwenye bahasha ya sadaka.

“Sawa, mwenzangu, lakini kanisa zima linasema.”

Mjukuu wangu, aliyekuwa nyuma yetu, aliweka mezani kikombe kilichojaa, akavaa koti, akatoka.